Grafu za R na B zinagoma? Pita hapa kabla hujasema ni kwanta

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaosoma fizikia na mnahangaika na data za superkondakta kwenye laptopu, naona maswali ni yaleyale, mara mistari ya R (ukinzani) dhidi ya B (uga sumaku) haikatani, mara inakatana kila mahali, mara R imekataa kushuka, na kila mtu anataka nimwambie "ndiyo hiyo ni kwanta". Tulieni kwanza. Friji ya kufika milikelvini (mK, sehemu za elfu za kelvini moja) huku kwetu mi sijaiona, tunachofanyia kazi ni mafaili ambayo maabara za nje wanayaweka wazi pamoja na makala zao, kwa hiyo huwezi kwenda kushika waya wala kubadilisha mkondo, mchawi inabidi umkamate kwa kuangalia namba tu. Inawezekana, ila uende kwa utaratibu.

Kwa ambaye ndo anaingia sasa hivi: superkondakta ikipoa chini ya joto lake la mpito, Tc, ukinzani wake unakuwa sifuri, hiyo inajulikana tangu Kamerlingh Onnes alipoiona kwenye zebaki mwaka 1911 pale karibu na 4.2 K, na ukiiwekea uga sumaku mkubwa inakufa. Kawaida tunazoea kwamba joto ndo linaua. Sasa ukishuka karibu kabisa na kelvini sifuri, joto halina tena nguvu ya kufanya chochote, lakini ukiongeza uga peke yake utando mwembamba bado unahama kutoka superkondakta kwenda kihami (kisichopitisha umeme) au metali, na kinachousukuma ni mitikisiko ya kikwanta yenyewe. Kwa hesabu mpito huo uko kwenye T = 0 na hakuna friji inayofika hapo, kwa hiyo tunausoma kwa alama unazoacha huku juu: unachora R dhidi ya B kwa joto tofauti tofauti, mistari inatakiwa ikatane kwenye nukta moja, Bc. Kushoto kwa nukta ukipooza R inashuka, kulia ukipooza R inapanda. Hebard na Paalanen walilionyesha hili mwaka 1990 kwenye oksidi ya indiamu (InOx) isiyo na mpangilio wa fuwele, mwaka huohuo Matthew Fisher akatoa nadharia yake, na fomula mnayoihangaikia wote ni ile ile, R = Rc · F(|B − Bc| / T^(1/zν)). Rc ni R pale kwenye nukta, F ni mkunjo mmoja wa joto zote, na zν ni kipeo kinachokwambia mpito ni wa aina gani.

Na jamani, kabla sijaulizwa tena: gesi ya Msimbati haiwezi kutusaidia kupooza. Ile kwa sehemu kubwa ni methani, inakuwa kimiminika kwenye 112 K hivi, wakati hata YBCO, superkondakta ya oksidi ya shaba inayosifiwa kwa kuvumilia joto inataka chini ya takribani 93 K. Kinachopooza mpaka huko chini ni heliamu, na inayozungumziwa hapa nchini iko kule Rukwa.

Dalili: namba zenyewe ni za ajabu

Anza hapa hata kama unajiona mjuzi. Dogo mmoja wa Lindi alinipigia juzijuzi, "Shikamoo kaka, Bc yangu imetoka 23,500, hii ni sumaku ya wapi?" Nikamwambia marahaba, hebu fungua lile faili usome kichwa cha safu ya pili kimeandikwa nini. Kimya kidogo. "Kimeandikwa Oe." Hiyo ni oersted, basi gawa kwa 10,000, una tesla 2.35, kitu cha kawaida kabisa.

Kosa la uniti peke yake halikuharibii kipeo zν, maana unavuta tu mhimili wa B na umbo linabaki vilevile, tatizo linakuja ukichanganya faili moja la Oe na jingine la tesla kwenye grafu moja. Balaa kubwa zaidi ni mkato. Data nyingi za Ufaransa na Ujerumani zinaandika 0,05 badala ya 0.05, programu ya kwako inaona hayo ni maandishi siyo namba, inayaruka kimyakimya, halafu unakuta joto la chini lote limepotea kwenye grafu na wewe unashangaa mbona mistari ni michache.

Kingine cha harakaharaka: R uliyopewa ni ya kipande kizima au ya kila mraba? Kama utando una urefu mara 10 ya upana wake, gawanya R kwa 10 kabla hujaanza kuilinganisha na 6.45 kΩ, yaani h/4e², ukinzani wa kikwanta ambao nadharia inautarajia pale Bc. Na isipolingana usilie, thamani hiyo siyo sheria ya kila utando, kwenye MoGe (aloi ya molibdenamu na jerimaniamu) ya Yazdani na Kapitulnik mwaka 1995 Rc zilitoka chini ya hapo na zikawa zinabadilika kutoka utando hadi utando.

Dalili: R inashuka vizuri halafu inagota, haifiki sifuri

Hii ndo inayoleta kelele zote mjini. Unachora logi ya R dhidi ya 1/T, unaona mstari ulionyooka unashuka, halafu chini ya 0.1 K au 0.2 K hivi unalala. Mtu anaandika "nimeona metali ya kikwanta", yaani hali ambayo R haifiki sifuri hata ukipooza mpaka mwisho. Inaweza kuwa kweli, tangu miaka ya 90 Kapitulnik na wenzake wameiona kwenye MoGe na mjadala haujaisha mpaka leo, ila mshukiwa wa kwanza siku zote ni joto la elektroni.

Kipimajoto kimegandishwa kwenye bamba la shaba, kinasoma joto la bamba. Elektroni zilizo ndani ya utando ni habari nyingine. Ni kama ukiwa unakaanga korosho, unaweza kujua bati lina moto kiasi gani na bado hujui kokwa ndani imefikia wapi. Elektroni zinapata moto kutoka kwenye mkondo unaoupitisha na kelele (mawimbi ya umeme yasiyotakiwa) zinazoshuka kwenye waya, na zinautoa kwa kuupeleka kwenye mitetemo ya atomi, na huko chini njia hiyo inaziba vibaya sana, kwa sababu nguvu inayopita inaendana na joto kwa kipeo cha 5, kwenye vitu vichafu kama InOx hata 6.

Tupige hesabu muone. Chukua utando wa urefu mikromita 100, upana 10, unene nanomita 10, ujazo wake V ni 10⁻¹⁷ m³. Kwa metali nyingi kizidishi Σ kiko kwenye kiwango cha wati bilioni 1 kwa mita ya ujazo kwa K⁵, basi ΣV inakuwa 10⁻⁸. R ya kipande ni 5 kΩ, mkondo nanoampia 100, friji iko 50 mK. Nguvu ni I²R, pikowati 50. Weka kwenye 10⁻⁸ × (Te⁵ − 0.05⁵), Te, joto la elektroni, inatoka karibu 0.35 K! Yaani mtu ameandika milikelvini 50 kwenye makala, elektroni zenyewe ziko milikelvini 350. Punguza mkondo ufike nanoampia 1, nguvu inashuka mara 10,000, Te inakuwa kama 60 mK, hapo angalau mnaongea lugha moja. Nimeacha joto linalotorokea kwenye viunganishi pembeni, lakini kwa kipande kirefu picha ndo hiyo.

Sasa unamkamataje kwenye data ya mtu? Angalia kama wameweka R kwa mikondo tofauti, au mikunjo ya I na V. R ya joto la chini ikibadilika unapobadilisha mkondo, mshukiwa mkubwa ni kuchemka. Kama wameweka mkondo mmoja tu, fanya hivi: chukua ile sehemu iliyonyooka ya juu, irefushe mpaka chini, halafu kwa kila R iliyogota soma ingekuwa kwenye joto gani kama mstari ungeendelea kunyooka, hiyo iite Te. Ukimaliza kwa B zote, chora Te⁵ au Te⁶ dhidi ya I²R. Nukta zikijipanga kwenye mstari mmoja, ujue umepata kipimajoto kizuri cha elektroni na siyo metali ya kikwanta. Ovadia, Sacépé na Shahar walipita njia ya namna hii mwaka 2009 upande wa kihami wa InOx, ile mirukomiruko ya mkondo iliyokuwa inasumbua watu ikaelezeka kwa elektroni kuwa na joto lake peke yake.

Ukikuta Te haiendani na I²R hata kidogo, imegota palepale hata mkondo uwe mdogo vipi, hapo angalia kelele. Waya ndefu zinazotoka chumbani mpaka ndani ya friji zinaleta mawimbi ya redio na simu na kila takataka, mpaka kwenye sampuli. Mwaka 2019 Tamir na wenzake walichukua InOx na NbSe2 (fuwele ya niobiamu na seleniamu) zilizokuwa zinagota, wakaongeza vichujio kwenye waya, kule kugota kukayeyuka na R ikaendelea kushuka. Kwa hiyo nenda kwenye sehemu ya mbinu za makala, tafuta neno la vichujio, waseme vinaanza kukata kwenye frikwensi gani na viko kwenye joto gani. Wasiposema chochote mimi hiyo metali siinunui.

Dalili: upande wa kihami nao umegota

Chanzo kingine hapa, watu wengi hawakifikirii. R imepanda megaohmu 10, wao wanapima kwa loki-in (kifaa cha kupima mkondo geu kwenye frikwensi moja) kwa hertzi 13, na kebo ina nanofaradi 1. Zidisha 2πfRC unapata 0.82, yaani mkondo mwingi unapita kwenye kebo badala ya kwenye sampuli na fezi, yaani wakati wa mawimbi, imegeuka kama nyuzi 39. R unayoiona ni ndogo kuliko ya kweli na inaonekana imetulia. Kama faili lina safu ya fezi au ya sehemu ya pili ya mawimbi, ichore dhidi ya R, ikianza kupanda pamoja na R tupa nukta zote za hapo juu. Kipimo cha mkondo wa moja kwa moja ndo kinachoaminika kwenye R kubwa.

Ila R ikipanda mno kupita Bc halafu ikaanza kushuka yenyewe uga ukiendelea kuongezeka, usiseme waya ulikatika ukarudi. Kile kilima ni cha kweli, Sambandamurthy na wenzake walikionyesha kwenye InOx mwaka 2004, na kwenye TiN (nitridi ya titani) pia kimeonekana.

Dalili: mistari inakatana, ila nukta inatembea

Usikodolee macho grafu nzima. Chukua joto mbili jirani, tafuta B ambapo mistari yake miwili inakatana, andika, nenda jozi inayofuata mpaka uishe, halafu chora hizo B dhidi ya T. Umbo la mkunjo huo ndo linakwambia ugonjwa.

Nukta ikitembea taratibu kwa joto la juu halafu ikatulia chini, mara nyingi ni metali ya kawaida chini yake inaingilia, ukinzani wa hali ya kawaida nao una mteremko wake wa logi ya T, toa huo mchango kwanza ndo urudie. Ikiwa imetulia juu halafu inaruka ghafla kwenye joto mbili tatu za chini kabisa, rudi kwenye hadithi ya kuchemka, ama mlaumu kipimajoto. Vile vya RuO2 (oksidi ya ruthenamu) vinabadilika kwa uga wenyewe, asilimia chache hivi, na asilimia chache kwenye 0.1 K zinatosha kuhamisha nukta, kwa hiyo ulizia kama walikirekebisha ndani ya uga au walikiweka sehemu ambayo sumaku imefutwa.

Ikiwa inatembea bila kutulia, uga unapanda kadiri unavyopooza, na zν unayoipata kwenye kila kipande cha joto inakua na kukua bila dalili ya kusimama, hapo ndo pazuri. Hiyo ni tabia ya Griffiths ya kikwanta, maana yake uchafu umeacha visiwa vichache vya superkondakta ambavyo vinakataa kufa hata wenzao wote wameshakufa, na vinavyozidi kuwa vikubwa vinakuwa vizito zaidi kutikisika. Xing na wenzake waliiripoti mwaka 2015 kwenye galiamu ya tabaka 3 za atomi. Sharti langu moja: uwe umeshapita kwenye sehemu ya kuchemka na ya kipimajoto, kwa sababu elektroni zikiwa na joto kuliko unavyodhani, mteremko wa R dhidi ya B pale mistari inapokatana unaacha kukua ukipooza, na zν ya uongo inapanda yenyewe na kuigiza Griffiths vizuri kabisa.

Dalili: zν inategemea nani kakaa kwenye kompyuta

Mkifanya kwa macho, kusogeza Bc kidogo huku na kidogo kule mpaka nukta zilale juu ya mstari mmoja, kila mtu atapata yake, mmoja 0.7 mwingine 1.4 na wote mnaapa. Acha. Tafuta mteremko dR/dB pale Bc kwa kila joto, chora logi kwa logi dhidi ya T, mteremko wa huo mstari ni −1/zν. Ukipata karibu −0.75 una 4/3, ni jirani na zile za InOx na MoGe zilizotoka kama 1.3 na 1.36, ukipata −1.5 una 2/3. Joto la juu liwe angalau mara 10 ya la chini, ukiwa na data ya kutoka 0.5 K mpaka 1 K tu karibu kipeo chochote kitakaa, na kitakaa vizuri, ndo hatari yake.

Dalili: kupanda na kushuka hakufanani

Unapandisha B unapata mstari huu, unashusha unapata mwingine pembeni. Kwanza piga hesabu ya ucheleweshaji: sumaku inaenda tesla 0.5 kwa dakika, loki-in imewekwa sekunde 3, hapo tayari umechelewa tesla 0.025 kila upande. Kama pengo ni la kiasi hicho na liko sawa kila mahali basi ni hilo. Pengo dogo la militesla kadhaa karibu na B sifuri ni sumaku yenyewe, koili zake nazo ni superkondakta na zinabaki na uga uliokwama ndani.

Data za sumaku ya mpigo zina shida yake. Kule Los Alamos, maabara ya Marekani, walivuka tesla 100 mwaka 2012 bila kuvunja koili, lakini mpigo mzima unaisha ndani ya sehemu ya sekunde, na uga ukibadilika haraka hivyo unazungusha mikondo ndani ya metali na kuichemsha. Linganisha mipigo miwili yenye kilele tofauti kwenye B ileile, kasi ya kubadilika ni tofauti, R ikitofautiana umejua.

Yote hayo ukiyaondoa na pengo bado lipo, liko pale pale kwenye mpito tu, na linapanuka ukipooza, huenda huu siyo mpito laini kabisa. CeCoIn5 (fuwele ya seriamu, kobalti na indiamu) inafanya hivyo, Tc yake 2.3 K, uga ukiwa kwenye mhimili wa c wa fuwele inakufa karibu na tesla 5, na chini ya takribani 0.7 K inakufa kwa kuruka ghafla kwa sababu uga unapindua spini za jozi za Cooper, yaani elektroni zilizoungana mbilimbili kufanya superkondakta. Kadirio la kujikinga: zidisha Tc kwa 1.86 upate tesla za ukomo wa Pauli, uga unaotosha kupindua hizo spini, Tc ya 3 K inakupa kama 5.6. Mpito wako ukiwa jirani na hapo na una pengo la kweli, fomula ya juu usiiguse, imeandikwa kwa mpito mwingine.

Dalili: R imerudi sifuri kwenye uga mkubwa

Usifute faili! UTe2 (fuwele ya urani na teluri), ukiuelekeza uga pembe fulani kati ya mhimili wa b na wa c, superkondakta inafufuka juu ya tesla 40, iliripotiwa mwaka 2019, na URhGe (ya urani, rodiamu na jerimaniamu) ilishafanya mchezo huo mwaka 2005 kati ya tesla 8 na 13 hivi. Ila hakikisha ni waya nne (mbili za mkondo, mbili za volteji), tena zote zimeshika, kwa sababu kiunganishi cha volteji kikiachia wakati wa uga mkubwa nacho kinaweza kusoma kama sifuri. Tofauti utaiona kwenye kelele: sifuri ya superkondakta ina kelele ndogo iliyotulia, ya kiunganishi kilichoachia kelele inapanda na fezi inazunguka ovyo.

Ukikwama kote humo waandikie wenye data, wengi wanajibu, ila usiwaulize "hii ni kwanta?". Omba vitu vitatu: mikunjo ya I na V kwenye joto la chini kabisa, mchoro wa vichujio vya waya, na jinsi kipimajoto kilivyorekebishwa ndani ya uga. Wakikutumia nitumie na mimi.